Treni ya saa saba usiku Gants Hill, na matatu yangu ya saa kumi na moja alfajiri

Ilikuwa Jumapili ya Julai, saa tisa usiku, nimesimama katikati ya tao nikiwa na begi la kamera mgongoni na miguu imekufa ganzi. Nilikuwa nimetoka kurekodi video ya hafla fulani, na mwenye hafla alikuwa amenilipa nusu. Nusu nyingine "nitakutumia kesho", si unazijua hizi stori? Teksi ya kunifikisha mtaani ingekula zaidi ya nusu ya hiyo nusu. Nikafanya kile ambacho najua hata wewe umewahi kufanya: nikaingia kwa hoteli isiyofunga, nikaagiza chai ya rangi na chapati moja, nikaanza kungoja kupambazuke.

Simu ikalia. Ni binamu yangu, nesi, anayeishi Ilford huko mashariki mwa London. Ametuma video fupi. Ukumbi mrefu, dari limepinda kama nusu ya pipa, vigae vinang'aa, taa nyeupe, viti vya kukalia, na karibu hakuna mtu.

"Uko hoteli gani wewe?" nikamwandikia.

"Hoteli gani, kijana! Hii ndiyo stage yetu. Nangoja treni ya kwenda nyumbani."

Kwao ilikuwa saa saba usiku, ile ya kulala. Yeye anangoja treni ambayo ubao unasema inakuja baada ya dakika sita. Mimi nangoja jua.

Hiyo stage inaitwa Gants Hill, na tangu usiku huo nimekuwa nikiisoma kama mtu aliyewekewa mtihani. Mimi si mhandisi. Chuo chenyewe nilikiacha mwaka wa pili, karo iliposhinda nguvu za mamangu, kwa hivyo usitarajie hesabu za zege hapa. Lakini nadhani nimeelewa jambo moja kuhusu stesheni ambalo hapa kwetu hatuambiwi kila mwanasiasa akikata utepe, na ninataka tuliangalie pamoja kabla ya Agosti 2027 kufika na ahadi zake.

Kwanza, mahali penyewe. Gants Hill si katikati ya London. Ni mtaa wa pembeni, upande wa kaskazini mashariki, katika eneo linaloitwa Redbridge. Zamani hizo palihesabika kuwa Ilford, kaunti ya Essex. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wajenzi wa nyumba walivamia mashamba ya huko kama vile sisi tulivyovamia Ruai, Joska na Kitengela. Nyumba zikaota safu kwa safu, barabara kubwa ya Eastern Avenue ikapasuliwa katikati, familia zikahamia. Reli haikuwepo hapo. Waliofanya kazi mjini walienda kujibana kwenye treni za moshi za stesheni zilizokuwa mbali, na treni hizo zilikuwa zimejaa hadi pomoni. Unaona hiyo picha? Keja kwanza, usafiri baadaye. Hata wazungu walifanya hivyo.

Mwaka 1933 serikali yao ilifanya kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko reli yenyewe. Iliunda bodi moja ya kusimamia usafiri wa jiji lote: mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi, zote chini ya mwamvuli mmoja. Miaka miwili baadaye bodi hiyo ikatoa mpango wa ujenzi wa 1935 hadi 1940. Ndani yake kulikuwa na kurefusha reli ya Central, ambayo ilikuwa ikifika Liverpool Street tu, iende mashariki. Sehemu kubwa ya urefu huo haikuhitaji kuchimba sana kwa sababu walichukua reli za treni za moshi zilizokuwepo. Lakini kati ya Leytonstone na Newbury Park hapakuwa na reli yoyote, na juu tayari kulikuwa na nyumba za watu. Kubomoa? Hapana. Wakapita chini ya ile Eastern Avenue, wakachimba mahandaki mawili, moja la kwenda na moja la kurudi, na humo wakapanga stesheni tatu: Wanstead, Redbridge na Gants Hill. Jina lenyewe halikuwa limeamuliwa mapema. Kwenye mipango paliwahi kupendekezwa Ilford North, na pia Cranbrook.

Kisha vita vikaja 1939 na kazi ikasimama.

Hapa ndipo stori inakuwa tamu, na chungu. Mahandaki yalikuwa yamechimbwa lakini hayana reli. Kampuni ya Plessey, iliyokuwa na kiwanda Ilford, ilishambuliwa kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940. Ikapewa hayo mahandaki. Kuanzia 1942 hadi vita vilipoisha, kile ambacho leo ni njia ya treni kati ya Leytonstone na Gants Hill kilikuwa kiwanda kimoja chembamba chenye urefu wa kilomita nne hivi kila upande. Takriban watu 2,000, wengi wao wanawake, walishuka humo kutengeneza vipuri vya ndege za kivita. Kiwanda kilikuwa kirefu hivi kwamba waliweka kijireli kidogo ndani cha kusukumia mizigo. Hebu fikiria: mtu anaingia kazini chini ya barabara asubuhi, anatoka jioni, na watu wanaopita juu na baiskeli zao hawana habari.

Uchungu uko kwenye stesheni nyingine ya reli hiyo hiyo. Bethnal Green pia ilikuwa haijakamilika, na wakazi waliitumia kujificha mabomu. Usiku wa Machi 3, 1943, king'ora kililia, watu wakaanza kushuka, kisha makombora mapya ya kutungua ndege yakafyatuliwa karibu na hapo kwa mlio ambao hawakuuzoea. Mtu mmoja akajikwaa kwenye ngazi zenye giza, waliokuwa nyuma wakamwangukia, na waliokuwa nyuma yao pia. Watu 173 walikufa, watoto 62 miongoni mwao. Hakuna bomu hata moja lililowaangukia. Ngazi hazikuwa na reli ya kushikilia katikati wala mwanga wa kutosha. Nimekaa na hiyo habari siku kadhaa, kwa sababu inakuonyesha kwamba ndani ya stesheni, vitu vidogo vya kuchosha kama taa na mahali pa kushika ndivyo hubeba maisha ya watu.

Gants Hill ilifunguliwa Desemba 14, 1947. Miaka kumi na miwili tangu mpango utolewe, na katikati kulikuwa na vita vya dunia, nchi imefilisika, chakula kinatolewa kwa kadi. Bado walirudi wakamaliza. Mimi ningependa kujua kisingizio cha ile mistari myekundu iliyochorwa Thika Road mwaka 2018, tukaambiwa ni njia ya mabasi ya kasi. Rangi imefifia kabla basi halijaja.

Sasa turudi kwa ule ukumbi niliodhani ni hoteli. Mchoraji wake ni Charles Holden, ambaye alichora stesheni nyingi za London. Katika miaka ya 30 wataalamu wa London waliwashauri Warusi walipokuwa wakijenga reli yao ya chini ya ardhi jijini Moscow, iliyofunguliwa 1935. Warusi walitengeneza kumbi pana kati ya majukwaa mawili ili abiria apate pa kupumulia. Huko Gants Hill, London ikaiga wanafunzi wake. Unashuka kwa ngazi za umeme moja kwa moja hadi ndani ya ukumbi, treni ya mjini upande mmoja na ya kutoka mjini upande wa pili. Hata saa ya ukutani haina namba. Mahali pa namba wameweka ile nembo yao ya duara lenye mstari. Binamu yangu ameipita miaka mitatu bila kugundua, hadi nilipomwambia aiangalie.

Lakini ukifika pale juu, utapita bila kujua kuna stesheni. Hakuna jengo. Kuna raundabauti ya Eastern Avenue, magari yanazunguka, na vijia vya kushuka chini ya barabara. Basi. Stesheni yote iko chini, na ndiyo ya mwisho kabisa upande wa mashariki wa London iliyozama yote ardhini. Nilicheka nilipoona picha. Hapa kwetu nani angekubali mradi wa namna hiyo? Bango la jina la mheshimiwa lingebandikwa wapi?

Na hapo ndipo nilianza kuelewa. Uzuri wa ukumbi ule haukumfikisha binamu yangu nyumbani. Kilichomfikisha ni ile dakika sita kwenye ubao.

Mchana, treni za Gants Hill huja kila baada ya dakika chache. Anapanda, na kwa chini ya nusu saa yuko Liverpool Street, katikati ya biashara za London. Hakati tiketi. Anagusisha kadi yake ya benki kwenye geti, mashine inahesabu, na ikifika kiwango fulani kwa siku inaacha kumkata. Kadi hiyo hiyo inatumika kwenye basi. Hii ni kazi ya wale wa mwamvuli mmoja wa 1933 na waliowarithi: treni na basi hazipigani, zinagawana abiria. Wewe fikiria safari yako ya kawaida. Matatu ya kwanza hadi tao, kutembea hadi stage nyingine, matatu ya pili, na kila kondakta ana bei yake kutegemea mawingu.

Halafu kuna usiku. Kwa zaidi ya karne moja treni za London zililala usiku wa manane. Mpango wa kuzitembeza usiku kucha wikendi ulitangazwa uanze Septemba 2015, ukakwama. Vyama vya wafanyakazi vilisema, ngoja kwanza, nani atafanya hizo zamu na kwa mshahara gani? Wakagoma, wakajadiliana karibu mwaka mzima, na treni za usiku zikaanza Agosti 19, 2016, reli ya Central ikiwa ya kwanza pamoja na Victoria. Korona ikazifunga Machi 2020, zikarudi Novemba 2021. Ijumaa na Jumamosi usiku, tawi la kwenda Hainault kupitia Gants Hill hupata treni kila dakika 20. Hiyo ndiyo aliyokuwa akingoja. Nesi anatoka zamu, mhudumu wa baa anafunga, DJ anabeba mashine zake, na wote wanajua wataondoka saa ngapi.

Sitaki udhani nakuuzia London. Gants Hill haina lifti. Jengo la mwaka 1947 lilichorwa kana kwamba hakuna mtu wa kiti cha magurudumu, na mpaka ninapoandika bado anaambiwa aende Newbury Park, stesheni inayofuata, ambako lifti ziliwekwa 2018. Mama mwenye kigari cha mtoto anategemea huruma ya wapita njia. Treni zenyewe zilianza kubeba abiria 1993, yaani zimenizidi umri, na kiangazi ndani yake ni joto la tanuri. Mwanzoni mwa 2024 mota za treni hizo ziliharibika kwa wingi hadi ratiba ya reli ya Central ikapunguzwa, watu wakangoja kwenye majukwaa na kutukana mtandaoni kama sisi tu. Na Korona ilipoondoa abiria, shirika lao lilibaki likiomba pesa kwa serikali kuu, kwa sababu linategemea mno nauli. Ratiba ina gharama kila siku. Jengo unalipia mara moja, labda na deni lake.

Sasa tuje nyumbani. Najua utaniambia Nairobi si London, na kuchimba chini ya Jogoo Road ni ndoto ya mlevi. Nakubali. Sisemi tuchimbe. Afrika nzima, reli ya kwanza ya chini ya ardhi ilifunguliwa Cairo mwaka 1987, na hata wao walihitaji miaka na pesa za kutosha. Sisi tuna kitu cha rahisi zaidi, reli za juu ya ardhi ambazo tayari zinapita mitaani mwetu. Jiji hili lilizaliwa na reli. Wajenzi wa Reli ya Uganda walifika hapa 1899, wakaweka kambi na karakana, na Nairobi ikaota kuizunguka. Njia zao bado zinaelekea Ruiru, Kikuyu na Embakasi. Ukiangalia ramani utadhani mtu alituchorea treni za mitaani miaka 120 iliyopita akatuachia kazi ya kuzitembeza tu.

Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni mpya ya Syokimau. Nilikuwa mtoto, lakini naikumbuka kwenye runinga: kioo, paa refu, mahali pa kuegesha magari. Kilikuwa kitu cha kujivunia, na si uongo, kiliwasaidia watu. Mwaka 2020 yakaja mabehewa yaliyotumika kutoka Uhispania, safi, yenye injini zao. Shida ni kwamba huduma ya treni za mitaani, kwa jumla, imebaki ya asubuhi kuingia mjini na jioni kutoka. Imepangiwa mtu wa ofisi. Anaingia saa mbili, anatoka saa kumi na moja, jioni anaangalia habari. Huyo mtu yupo, tunamheshimu. Lakini wangapi kati yetu tunaosoma hapa tuna kazi ya aina hiyo? Mimi narekodi hafla. Rafiki yangu anajibu simu za wateja wa nchi nyingine, zamu yake inaisha saa nne usiku. Jirani yangu anakaanga viazi hadi saa sita. Kwetu sisi stesheni ni mapambo.

Kuna sababu ya kiufundi, na tuwe wakweli kuihusu. Sehemu kubwa ya njia hizo za zamani ina reli moja tu. Treni ya kwenda na ya kurudi haziwezi kupishana popote zinapotaka, lazima moja ingoje mahali palipo na njia ya pembeni. Gants Hill ina mahandaki mawili, ndiyo maana dakika chache zinawezekana. Kwa hivyo mtu akikuahidi treni kila dakika kumi bila kutaja njia za kupishana, mitambo ya ishara na mabehewa ya ziada, anakupiga changa la macho. Hivyo ni vitu ambavyo havipendezi kwenye picha. Huwezi kukata utepe wa ishara ya reli. Vilevile treni ya saa nne usiku itabeba watu wachache mwanzoni, itapata hasara, na lazima kuwe na mtu aliye tayari kuilipia hadi watu waizoee. London ilianza ikijua hivyo.

Matatu nazo tusizitupie lawama zote. Ndizo zilizobaki barabarani usiku wakati kila mwingine ameenda kulala, na yule kijana anayening'inia mlangoni saa nane usiku anatafuta chapaa kama mimi. Ila yeye hana ratiba. Anaondoka gari likijaa, bei inapanda mvua ikianza, na msichana aliye peke yake anapiga hesabu nyingine kabisa kabla hajapanda. Dada yangu mdogo alikataa kazi ya hoteli kwa sababu hiyo. Mshahara haukuwa mbaya. Ilikuwa ni zamu ya kutoka saa tano usiku, na nyumbani wote tulikubaliana naye bila mjadala mrefu.

Kwa hivyo kampeni zikianza na mheshimiwa aje mtaani kwako na mchoro wa stesheni, wenye miti ya kijani na watu weupe wanaotembea kwa furaha (sijui kwa nini huwa ni watu weupe), usimuulize itagharimu bilioni ngapi. Atakuwa na jibu. Muulize treni ya mwisho itaondoka saa ngapi. Muulize Jumapili itakuwaje, na kama nauli ya treni itanishusha kwenye matatu ya pili bila kulipa upya, na nani atalipa mishahara ya zamu ya usiku. Akigeuka kumwangalia msaidizi wake, umepata jibu lako.

Saa kumi kasoro usiku ule, nikiwa bado na chai iliyopoa, binamu alinitumia ujumbe. "Nimefika kitambo, nishaoga, nalala. Wewe?"

Nikamjibu kwamba niko njiani. Nilikuwa bado nimekaa kwa hoteli, lakini sikutaka akose usingizi. Nilipopata gari ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi. Nikachukua kiti cha dirishani, nikakumbatia begi langu, nikamuuliza makanga tunaondoka saa ngapi.

"Tunatoka sasa hivi, boss," akasema. "Tumebakisha wanne tu."